Jino la kauri si la urembo tu

Wengi bado wanaamini kwamba jino la kupandikiza likivishwa taji (kofia ya jino inayoonekana mdomoni) la kauri litapasuka, na la kutafunia lazima liwe na chuma ndani. Kwa kauri za zamani, hofu hiyo ilikuwa na msingi. Zirkonia, ambayo nayo ni kauri, huhimili hata magego. Na taji la chuma lina udhaifu wake: kinachobanduka mara nyingi ni tabaka la kauri lililopakwa juu ya chuma, na fizi ikiwa nyembamba, ukijivu huonekana ukingoni.

Chuma hakijastaafu, lakini. Skrubu inayopandikizwa kwenye mfupa wa taya ili kulishika taji kwa kawaida ni titani, kama aliyoitumia Brånemark, daktari wa Uswidi, mwaka 1965. Zirkonia ikisuguana nayo, inayolika ni titani. Ndiyo maana taji hugandishwa kwanza kwenye kitako cha titani, ili kinachogusana na skrubu kiwe titani, si zirkonia.