Viola kwanza: kupiga, kufundisha na kuanzisha mradi wa nyuzi

Wapiga viola, ala ya nyuzi inayofanana na fidla ila kubwa na yenye sauti nzito zaidi, wengi walianzia kwenye fidla. Okestra ya vijana ilikosa viola, mwalimu akaomba mmoja ahame, basi. Wengi wamefika mbali kwa njia hiyo, ila mimi siipendi: inamfundisha mtoto kwamba viola ni ya kuzibia pengo. Anayetaka kuishi kwa ala hii, na kuwapelekea watoto ambao hawajawahi kuishika, aichukue kama ala kamili yenye tabia zake.

Tabia ya kwanza ni ukubwa. Nyuzi zake ni C, G, D na A, kwinti moja (noti tano za ngazi) chini ya fidla. Ili sauti hizo zipate mwili unaolingana nazo, kama fidla ilivyoupata wake, viola ingehitaji urefu wa sentimita 53 hivi, na hakuna bega linaloweza kuibeba. Ndiyo maana viola nyingi zina mwili wa sentimita 38 hadi 43, huku fidla kamili ikiwa na 35.5. Kilichopungua kwenye mbao hufidiwa na upinde. Uzi wa C ni mnene na huchelewa kuitika. Ukiuvuta haraka na kwa wepesi, mkwaruzo hutangulia na noti hufuata. Punguza mwendo, sogea karibu na daraja (kibao kinachoinua nyuzi), acha uzito utoke mgongoni upite mkononi badala ya kubana kwa kidole cha shahada. Na uushike uzi kabla ya kuvuta, kama ulimi unavyoishika "k" kabla irabu haijatoka.

Kwa upande wa ajira, okestra kubwa huwa na viola 10 hadi 14 dhidi ya fidla 30 hivi, kwa hiyo nafasi hutokea mara chache. Kwenye majaribio ya kuomba kazi jiandae na konserto (utunzi wa mpigaji mmoja mbele ya okestra) ya Stamitz au ya Hoffmeister, zote katika D kubwa, pamoja na moja ya karne ya 20: Bartók, Hindemith au Walton. Ile ya Walton ilikataliwa kwanza na Lionel Tertis, mpiga viola aliyeitetea viola kuliko yeyote wa enzi zake. Hindemith ndiye aliyeipiga mara ya kwanza, London, 1929. Majaji husikiliza mapigo na usahihi wa sauti kabla ya uzuri wa toni. Wengi huangukia kwenye dondoo za okestra (vipande vifupi vya viola kutoka tungo za okestra), hasa *Don Juan* ya Strauss na skerzo (kipande chepesi cha kasi) ya Mendelssohn, kwa sababu walizifanyia mazoezi kwa kasi kamili mapema mno. Anza nusu ya kasi, ukiwa na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), na usipande mpaka upige mara tano mfululizo bila kosa.

Wachache sana huishi kwa okestra pekee. Kufundisha hujaza wiki, na hapo ndipo kosa la kale hujirudia. Mwanafunzi aliyetoka kwenye fidla hupewa mbinu ya mkato ya kusoma ufunguo wa alto, alama inayoonyesha noti za viola zinakaa mstari gani: ajifanye anasoma ufunguo wa fidla akiwa nafasi ya tatu, yaani mkono umesogea juu kwenye shingo ya ala. Vidole vitaangukia mahali pake, kweli. C ya katikati, iliyo kwenye mstari wa tatu, itapigwa kwa kidole cha tatu kwenye uzi wa G. Lakini kichwani mwake noti hiyo inaitwa B, na alama ya kwanza ya kupandisha au kushusha sauti inapotokea, anapotea. Afadhali atamke majina ya noti kwa sauti dakika tano kila somo, bila ala, kwa miezi miwili.

Sasa mradi wa watoto. Wanaouanzisha hufikiria ala kwanza, na wafadhili hupenda kununua ala kwa sababu zinapendeza pichani. Kinachoua miradi ni nyuzi, manyoya ya upinde na mshahara wa mwalimu, mambo yasiyopigwa picha. Viandike kwenye bajeti kabla ya ala yenyewe. Kwa watoto 12 ningeanza na viola 14 za vipimo tofauti, maana mbili zitakuwa kwa fundi wakati wowote.

Kupima: mtoto anyooshe mkono wa kushoto huku ala ikiwa begani. Vidole viweze kukizunguka kichwa cha viola na kiwiko kibaki kimepinda kidogo. Kikinyooka kabisa, ala ni kubwa. Usikubali "atakua nayo": bega litapanda, kifundo kitalegea, na maumivu yatamfukuza kabla hajakua. Wadogo unaweza kuwafungia nyuzi za viola kwenye fidla ya kiasi chao, ila nunua zilizotengenezwa kwa urefu huo. Uzi wa C wa viola kubwa ukifungwa kwenye mwili mfupi hulegea na kuvuma tu.

Usibadilishe nyuzi zote kwa pamoja. Ndani ya ala kuna kijiti kilichosimama kwa kubanwa tu, bila gundi. Mkazo ukiisha huanguka, na kukirudisha ni kazi ya fundi. Toa mmoja, funga mmoja. Vigingi vya kukazia nyuzi vikiteleza wakati wa ukavu, visukume ndani huku ukizungusha. Vikigoma, paka nta ya vigingi. Upinde ulegezwe kila baada ya kupiga, la sivyo mti hupinda na haurudi.

Vikundi vya watoto sita hadi wanane, mara mbili kwa wiki, dakika 45, hunipendeza kuliko somo la mtu mmoja mmoja. El Sistema, programu ya okestra za watoto na vijana iliyoanzishwa na José Antonio Abreu nchini Venezuela mwaka 1975, ilijenga kila kitu juu ya kupiga pamoja, na mtoto mgumu wa kufundishika peke yake hufuata mwenzake. Watu wazima wawe wawili chumbani kila kipindi, na mzazi asaini karatasi ya kuazima ala inayosema wazi nani analipia ikivunjika.

Mwanzilishi naye aandike mapema nani atashika funguo za stoo, daftari la ala na akaunti siku akiondoka, na amlipe mwalimu wa pili tangu mwaka wa kwanza, hata kama ni kwa saa chache.