Je, wajua kwa nini kebo ya omu 50 ukiipima huzioni hizo omu 50?

Ubavuni mwa kebo nyeusi ya antena huwa pameandikwa RG-58, na kila anayeuza atakwambia ni ya omu 50. Niliponunua yangu ya kwanza, mita 20, niliifikisha nyumbani nikatoa mita ya fundi umeme. Ncha moja kwenye waya wa kati, nyingine kwenye wavu wa shaba unaouzunguka: mita ikasema hakuna njia kabisa. Nikapima waya wa kati peke yake, mwanzo hadi mwisho. Haikufika hata omu moja. Nikaikunja kebo, tayari kumrudishia muuzaji feki yake.

Bahati nzuri nilimpitia kwanza rafiki anayerusha redio ya ridhaa, wale watu wa kuongea na dunia kwa waya uliotundikwa juu ya mwembe. Hakunijibu. Aliniuliza tu: “Ukiikata katikati, itabaki omu ngapi?”

Hapo ndipo kosa langu lilipojificha. Nilidhani omu 50 ni ukinzani wa shaba. Kama ingekuwa hivyo, mita 20 zingekuwa na omu 50, mita 40 zingekuwa na 100, na kipande cha urefu wa kiganja kingekuwa na omu kiduchu. Lakini namba ile ni ileile kwa kiganja na kwa kilomita. Ukinzani wa waya hauwezi kuwa na tabia hiyo. Tulifundishwa shuleni kwamba waya ukirefuka ukinzani unaongezeka, na hilo ni kweli, ila kinachozungumziwa hapa si hicho.

Omu 50 ni uwiano: wimbi la umeme likiwa safarini ndani ya kebo, kwa kila volti 50 linazobeba linasukuma ampea 1. Wataalamu wanauita impedansi bainifu ya kebo. Swali gumu ni kwamba wimbi likiingia tu, kabla halijajua mwisho wa kebo kuna nini, linapataje kujua lisukume ampea ngapi?

Fikiria siku ya kumwaga zege la ghorofa. Vijana thelathini wamejipanga kwenye ngazi ya miti, wanapokezana makarai. Kijana wa kwanza, aliye chini kwenye mchanganyiko, haoni kinachoendelea juu. Anachokijua ni jirani yake tu: anapokea kwa kasi gani, na karai linamchukua muda gani kuliinua. Kasi ya mwanzo haitokani na ukubwa wa jengo wala idadi ya watu. Inatokana na tabia ya kila mtu kwenye mstari, na kama wote wana tabia moja, mstari wa watu kumi na wa watu elfu utaanza kazi kwa mwendo uleule.

Kebo nayo ina tabia mbili katika kila kipande chake. Kwanza, waya wa kati na wavu vinatazamana kupitia plastiki, kwa hiyo vinaweka chaji kidogo kama kapasita: kwa RG-58 ni takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Pili, mkondo wowote unaobadilika hukutana na uzito fulani wa kuanza, yaani indaktansi, takriban nanohenri 250 kwa kila mita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, ukikumbuka kwamba nano moja ni piko elfu, utapata 2,500. Chukua kipeuo cha pili: 50. Zile “kwa kila mita” zimefutana kwenye kugawanya, ndiyo maana urefu hauna usemi. Namba inatokana na unene wa waya wa kati ukilinganishwa na upana wa wavu, pamoja na aina ya plastiki iliyo katikati. Basi.

Mfano wa zege una kasoro zake. Makarai yakianza kurudi chini kwenye mstari uleule yatagongana na yanayopanda, na vijana watagombana. Mawimbi mawili ndani ya kebo hupishana bila hata kusalimiana. Lakini kurudi kwenyewe ndiko hasa tunakokutaka. Kijana wa mwisho akiwa na mahali pa kumwaga kwa kasi ileile ya mstari, wa chini hatajua kamwe kwamba mstari una mwisho. Akikuta pamezibwa, karai linarudi likiwa limejaa.

Ndivyo ilivyo kwa kebo. Mwisho ukiachwa wazi, wimbi lote linarudi. Ukiunganisha waya wa kati na wavu, linarudi pia, ila volti zake zimegeuka juu chini. Ukiweka rezista ya omu 50, wimbi linaishia humo na halirudi. Watu wa kompyuta wa zamani wanalijua hili kwa machungu: mitandao ya ofisi ya kebo nyembamba ya koaksia (yaani kebo ya umbo hilihili, waya wa kati ndani ya wavu) ilikuwa na vifuniko viwili vya omu 50, kimoja kila mwisho. Mtu akichomoa kimoja akidhani ni pambo, ofisi nzima inakatika.

Na ile mita yangu? Haikudanganya, ilichelewa tu. Ndani ya RG-58 wimbi linakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenye mita 20 linakwenda na kurudi kwa nanosekunde 200, na mita ya fundi hubadilisha tarakimu mara chache tu kwa sekunde. Ilipofika kusoma, habari za mwisho ulio wazi zilikuwa zimesharudi zamani. Kama ningekuwa na kebo isiyopoteza kitu inayofika mwezini, mita ingeonyesha omu 50 kwa karibu sekunde 4 nzima, kisha ingebadili mawazo. (Kebo halisi ya urefu huo ingeharibu jaribio kwa ukinzani wa shaba yake, kwa hiyo usiinunue.)

Neno lenyewe impedansi lilibuniwa mwaka 1886 na Mwingereza Oliver Heaviside, aliyewahi kuwa mwendesha telegrafu, na ambaye mwaka 1880 alisajili hataza ya kebo ya umbo hili. Mwaka mmoja kabla, kebo ya telegrafu kutoka Aden ilikuwa imefika Unguja kwa chini ya bahari. Waya mmoja, kihami, na nje yake chuma na maji ya chumvi. Kwa umbo, ilikuwa ndugu wa koaksia tayari.

Kwa nini 50 na si 60? Hesabu ya kebo yenye hewa katikati inatoa omu 30 hivi kwa kubeba nguvu nyingi na 77 kwa kupoteza kidogo, na husemwa kwamba 50 ni suluhu ya katikati. Simulizi hii inasimuliwa kwa uhakika kuliko inavyostahili, kwa sababu ukijaza plastiki imara ya polithini badala ya hewa, upotevu mdogo kabisa unaangukia karibu na 50 penyewe.

Antena nayo haijali makubaliano yetu. Ile ya nusu wimbi, waya mbili zilizonyooshwa, ina takriban omu 73 ikiwa mbali na kila kitu, na hushuka ikining’inia chini juu ya bati. Hapa wengi wanapata presha bure. Antena ya omu 75 kwenye kebo ya 50 inarudisha asilimia 4 tu ya nguvu. Mita ya SWR, ile inayolinganisha wimbi linalokwenda na linalorudi, itasoma 1.5 (1 kamili maana yake hakuna kinachorudi), na hakuna sikio duniani litakalosikia tofauti. Hata hicho kinachorudi si lazima kipotee: kifaa cha kuoanisha redio na antena kikiwekwa vizuri karibu na redio, hukigeuza kiende tena. Gharama ni ushuru wa kebo, yaani nguvu inayopotea njiani, unaotozwa kila safari.

Ushuru huo ndio kituko chenyewe. Kwenye masafa ya megahezi 145, mita 50 za RG-58 hubakiza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu. Ifungue antena kabisa, uache mwisho wazi. Kinachofika mwisho ni moja ya kumi, kinarudi chote, na njiani kinabaki moja ya kumi ya hiyo. Mita iliyo mezani inaona asilimia 1 tu ikirudi, inasoma SWR ya 1.2 hivi, na mwenye redio anamwambia mwenzake kwamba antena yake iko safi kabisa.