Weusi wa udongo si kipimo cha rutuba

Ukienda kutafuta shamba la kukodi, mwenyeji atainama, achote udongo kiganjani na kukuambia: "Tazama ulivyo mweusi, hapa huhitaji mbolea." Imani hii ni ya zamani, na ina chembe ya ukweli, kwa kuwa mboji huutia udongo weusi. Ila weusi una asili nyingine pia. Udongo wa mbuga, ule unaoganda kwenye jembe wakati wa masika na kupasuka nyufa kiangazi, ni mweusi tii, lakini mara nyingi mboji yake ni kidogo, na naitrojeni na fosforasi ni haba. Wakati huohuo udongo mwekundu wa volkano kwenye miteremko ya Kilimanjaro umelisha migomba na kahawa vizazi kwa vizazi.

Tindikali nayo haionekani kwa macho. Mahindi hupenda pH (kipimo cha tindikali: kadiri namba inavyoshuka, ndivyo tindikali inavyozidi) ya 5.5 hadi 7. Ikishuka sana, fosforasi hunaswa na chuma na aluminiamu, na mche hubaki na majani ya zambarau ingawa umeuwekea mbolea.

Basi pima. Tembea shambani kwa zigizaga na ndoo safi ya plastiki, chimba sentimita 20 sehemu 15 hivi, ukikwepa vichuguu na palipokuwa zizi (huko utajidanganya mwenyewe). Changanya, anika kivulini, kisha peleka nusu kilo maabara, kama ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano mkoani Tanga au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Watajie pia zao unalotaka kupanda, maana ushauri wa mpunga si wa maharage.