Parkinson husababishwa na nini? Maswali na majibu

Babu anatetemeka mkono. Ni uzee, au karogwa?
Hajarogwa, na uzee peke yake hautetemeshi mtu. Katika ugonjwa wa Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kujongea, hufa taratibu. Mtazame akiwa ameketi: mkono uliotulia juu ya paja ndio unaotetemeka. Vifungo vya shati vinamshinda, mwandiko unazidi kuwa mdogo. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, uligundua kuwa wagonjwa wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Inasikitisha, maana dawa za kupunguza dalili zipo.

Kwa nini seli hizo zinakufa?
Kwa wagonjwa wengi hakuna sababu moja ya kunyooshea kidole. Umri, jeni na mazingira hushirikiana. Wanaume huupata zaidi kuliko wanawake. Hauambukizi.

Baba anao. Na mimi nitaupata?
Hatari yako huongezeka kidogo tu. Mwaka 2023 watafiti walitangaza badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari kwa watu wenye asili ya Afrika, lakini wengi walio nalo hawaugui kamwe.

Na dawa za shambani?
Hapa pana sababu ya kujihadhari. Parakwati, inayoua magugu, na rotenoni, inayoua wadudu, zimehusishwa na ugonjwa huu. Rotenoni imo pia kwenye utupa, mmea uliotumika tangu zamani kulewesha samaki. Ufaransa iliutambua Parkinson kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima mwaka 2012. Anayepulizia avae glavu, barakoa na buti, na dumu tupu lisigeuzwe chombo cha maji ya kunywa.

Je, dawa za hospitali zinaweza kuleta hali hii?
Ndiyo, na swali hili ningependa kila familia iliulize kwanza. Haloperidoli na kloropromazini za magonjwa ya akili, metoklopramidi ya kuzuia kutapika (wengi wanaiita Plasil), hata sinarizini ya kizunguzungu, zote huweza kuzuia dopamini isifanye kazi. Mgonjwa anakakamaa, anakokota miguu, uso haucheki. Mara nyingi hali hiyo hupungua wiki au miezi kadhaa baada ya dawa kubadilishwa. Kwa hiyo nendeni kliniki na mfuko mzima wa dawa zake, pamoja na zile za duka la mtaani. Ila msimwachishe wenyewe, hasa dawa ya akili. Daktari ndiye aibadilishe.

Mama akikasirika hutetemeka zaidi. Hasira ndiyo iliyomletea?
Hapana. Hasira, hofu na kukosa usingizi huzidisha dalili kwa muda, hazianzishi ugonjwa. Akizidiwa ghafla, apimwe malaria na mkojo, maana maambukizi huchochea dalili. Ulizeni pia kama dozi ya levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ilichelewa. Ikikaribia kwisha, nunueni nyingine mapema, kwani kuikatisha ghafla ni hatari.