Kunasa PFAS si kuzivunja

Kuvunja kichafuzi cha maji kwa elektrokemia ni kupitisha umeme wa DC (wa mkondo mnyoofu) kati ya elektrodi mbili, yaani vipande vinavyopitisha umeme, zilizozamishwa majini, ili kichafuzi kipokonywe au kipewe elektroni, hasa kwenye uso wa elektrodi. Kinachokera ni kwamba siku hizi kila kichujio chenye waya wa umeme husifiwa kuwa "kinaangamiza" PFAS, yaani kemikali za viwandani zenye minyororo ya kaboni iliyofungwa na florini, hata kama hakijavunja molekuli moja.

Chukua mkaa ulioamilishwa (uliotobolewa vitundu vingi vidogo) wa vifuu vya nazi. Ni malighafi safi, hupatikana kila msimu, na hunasa vizuri PFOA, aina mojawapo ya PFAS yenye kaboni 8. Lakini molekuli iliyonaswa bado ni nzima. Mkaa ukijaa, PFAS huanza kupenya, zikitangulia zile za mnyororo mfupi, zenye kaboni chache. Ukitupwa ovyo, mvua itazirudisha majini. Ukiutia mkaa huo chaji ya umeme utanasa kwa kasi zaidi, na ukigeuza chaji utaziachia kwenye maji machache. Ni kazi nzuri sana, ila bado ni kunasa. Hali kadhalika anodi (elektrodi chanya) ya chuma au alumini: humomonyoka, ikatengeneza mabonge yanayozoa PFAS, na mwisho wake ni tope lenye kemikali ileile.

Kuvunja ni shughuli nyingine kabisa. Kifungo cha kaboni na florini kina nguvu ya takribani kilojuli 485 kwa moli, kwa hiyo huhitaji anodi isiyopoteza umeme kirahisi kwa kutoa mapovu ya oksijeni: almasi iliyotiwa boroni, au oksidi ya titani Ti4O7. PFOA ikigusa anodi hiyo hupokonywa elektroni, kichwa chake (kaboni ya mwisho yenye oksijeni) kikatoka kama kaboni dayoksaidi, kisha mnyororo hupungua kaboni moja moja, kutoka 8 hadi 7, 6, 5, kila hatua ikiachia floraidi, yaani florini iliyojitenga na kaboni. Ukizima umeme mapema unabaki na minyororo mifupi, ambayo mkaa huinasa kwa shida kuliko ile ya mwanzo. Na maji yakiwa na chumvi, anodi ya almasi hugeuza kloraidi kuwa klorati na perklorati, kemikali zinazoweza kudhuru afya, nazo zipimwe.

Mbinu hizi mbili zinahitajiana. Katika maji ya kunywa PFAS hupimwa kwa nanogramu kwa lita. Mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa PFOA. Kwa kiwango kidogo hivyo, molekuli chache mno huifikia anodi, na karibu umeme wote huishia kuchanganua maji yenyewe. Ndiyo maana mkaa hukusanya kwanza, anodi ikafuata.

Kama zimevunjika kweli, floraidi itaonyesha. Miligramu 10 za PFOA zina miligramu 6.9 za florini. Kipimo kikisema PFOA imekwisha, lakini floraidi imeongezeka kwa miligramu 3.4 tu, nusu ya florini iko kwingine: kwenye minyororo mifupi, kwenye povu, imeganda kwenye mabomba, au imeungana na kalsiamu ikatuama chini. Kwa hiyo, ukiona "asilimia 99 imeondolewa" bila hesabu ya floraidi, elewa kwamba asilimia 99 imetoka kwenye maji. Ilikokwenda bado haijaelezwa.