Je, wajua kwa nini seva inaweza kuzimika ukiwa unakata tiketi, na wewe usijue?

Uko Uyole, Mbeya, na simu mkononi, unakata tiketi ya basi la alfajiri kwenda Dar. Umeshaingiza neno la siri, umechagua tarehe, umegusa kiti namba 14 cha dirishani. Muda huohuo mashine iliyokuwa ikikuhudumia, huko iliko, inazimika ghafla. Wewe unabonyeza "Endelea" na ukurasa unaofuata unafunguka kama kawaida, jina lako likiwa palepale juu. Imewezekanaje?

Kwanza ujue kwamba seva, yaani mashine hiyo, haikujui wewe ni nani. HTTP, utaratibu ambao kivinjari na seva hutumia kuwasiliana, hauna kumbukumbu. Kila ombi linafika kama la mgeni. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kuki, kipande kifupi cha maandishi ambacho seva inakupa, na kivinjari chako kinakirudisha kila kinapoomba ukurasa. Mifumo iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Java huiita JSESSIONID, ya PHP huiita PHPSESSID. Humo hamna jina lako wala kiti chako, ni namba ndefu tu isiyokisika kirahisi. Taarifa zenyewe, yaani sesheni, zinabaki kwenye seva chini ya namba hiyo.

Chukulia daftari la mkopo la duka pale Mwanjelwa. Unataja jina, muuzaji anafunua ukurasa wako. Nenda duka la pili la tajiri huyohuyo, utaangaliwa tu: daftari liko kule.

Mfumo wenye wateja wengi una seva kadhaa, na mbele yake kuna kigawa mzigo kinachoamua nani aende wapi. Njia rahisi ni kumgandisha mteja kwenye seva moja. Tomcat, seva maarufu ya programu za Java, inaweza kubandika jina lake mwishoni mwa namba ya sesheni ili kigawa mzigo kikurudishe kwake. Hilo halina shida mpaka siku seva hiyo inakufa. Sesheni ilikuwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika mashine ikizimika, imeondoka nayo, na wewe unaambiwa uingize neno la siri upya.

Hapo ndipo kunakili sesheni kunapoingia. Tomcat ina njia mbili. DeltaManager hutuma kila badiliko kwa seva zote za kundi. BackupManager huweka nakala kwenye seva moja tu ya akiba. Ya kwanza ni rahisi kuiwasha, ila ina gharama: seva zikiwa 4, badiliko moja linatumwa mara 3, zikiwa 20, mara 19, na kila seva inabeba sesheni za wateja wote. Watengenezaji wa Tomcat wenyewe wanaipendekeza kwa makundi madogo tu.

Seva hizo hujuaje mwenzao amekufa? Kwa mpangilio wa awali, kila moja hutuma ishara ya uhai kila nusu sekunde. Ikinyamaza sekunde 3, inaondolewa kundini. Mwanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), Iyunga, anaweza kuliona hili kwa laptop moja: awashe Tomcat mbili zinazonakiliana sesheni, kila moja kwenye poti yake (namba ya mlango wa mawasiliano), aingie kwenye programu yake, kisha aizime ile inayomhudumia.

Akijaribu, atakutana na mtego ambao mimi nauona mbaya kuliko yote. Kitu kinachowekwa kwenye sesheni lazima kiweze kugeuzwa kuwa mfululizo wa baiti, la sivyo hakisafiri. Tena Tomcat haichungulii ndani ya vitu vyako. Ukibadilisha kiti 14 kuwa 22 ndani ya kitu kilichokwisha kuhifadhiwa, bila kuita tena setAttribute, amri ya kuhifadhi kitu kwenye sesheni, badiliko halitumwi. Kila kitu kitaonekana sawa kwa miezi, hadi seva izimike na nakala iseme bado 14.

Kuna pia suala la muda. Kwa kawaida nakala hutumwa pembeni, bila kukusubirisha, kwa hiyo seva ikifa kabla haijafika, badiliko la mwisho limepotea. Wengi siku hizi huweka sesheni nje kabisa, kwenye hifadhi kama Redis, ambako seva yoyote inaisoma. Ni safi zaidi, ingawa sasa Redis yenyewe nayo inahitaji nakala yake.

Kwa maoni yangu, kiti hakikupaswa kutegemea sesheni hata kidogo. Sesheni ibebe utambulisho wako na hatua uliyofikia. Kiti kilichoshikwa na malipo ya simu viandikwe kwenye hifadhidata, papo hapo. Maana nakala zote zikiwa kwenye RAM ya mashine zilizochomekwa umeme mmoja, umeme ukikatika na jenereta lisiwake, zinakufa zote kwa pamoja.