Kwa nini mita 12 pande zote nne hazitoshi kupata mraba?

Shamba jipya la mikorosho, iwe Newala au Nachingwea, mara nyingi hupimwa mita 12 kati ya mti na mti na mita 12 kati ya mstari na mstari, sawa na miti 69 hivi kwa hekta. Mpimaji anachomeka vigingi vinne, kila upande mita 12 kamili, na kuamini kuwa amepata mraba. Halafu anapima kona kwa kona: huku mita 18, kule 15.87. Pande hazina kosa. Alichopata ni rombi, umbo la pande nne sawa lililolala upande. Akiendeleza mstari kwa mwelekeo huo, kila kigingi kinahama mita 1.5 kando, na baada ya nafasi nane, yaani mita 96, mstari umehama mita 12: nafasi ya mti mzima.

Kosa liko kwenye maana ya mraba aliyoshika. "Mraba una pande nne sawa" ni kweli, lakini kweli hiyo inakwenda njia moja tu. Igeuze, "umbo la pande nne sawa ni mraba", na rombi inaivunja papo hapo.

Ndiyo maana tafsili ya jiometri, yaani sentensi inayotoa maana ya neno, inapaswa kusimama pande zote mbili: pembenne (umbo lolote la pande nne) ni mraba ikiwa, na ikiwa tu, pande zake nne ni sawa na pembe yake moja ni nyuzi 90. Pembe moja inatosha, kwa sababu pande nne zikiwa sawa, zile zinazotazamana huwa sambamba, na pembe tatu zilizobaki hazina budi kufuata.

Kuipima tafsili, igawe sentensi mbili, ya kwenda na ya kurudi, kisha tafuta umbo moja la kuvunja mojawapo. Chukua "mistari miwili ni sambamba ikiwa, na ikiwa tu, haikutani". Kwenda, mistari sambamba haikutani, ni sawa. Kurudi, tazama chumba: ukingo wa juu wa ukuta mmoja na ukingo wa chini wa ukuta wa jirani havikutani kamwe, wala si sambamba. Tafsili ilisahau kusema mistari iwe kwenye bapa moja, yaani uso mmoja tambarare.

Vitabu vingi huandika "ikiwa" peke yake kwenye tafsili, na msomaji anategemewa kuielewa pande mbili. Kwenye nadharia, yaani dai linalohitaji kuthibitishwa, ruhusa hiyo haipo. Kila upande unadai uthibitisho wake. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha kanuni ya Pythagoras (pembetatu ikiwa na pembe ya nyuzi 90, miraba ya pande mbili fupi hujumlika kuwa mraba wa upande mrefu) katika pendekezo la 47 la Kitabu cha I cha Elements, na sentensi yake ya kurudi katika la 48. Anayeweka kamba ya mita 9, 12 na 15 shambani anatumia lile la 48: 81 na 144 ni 225, kwa hiyo pembe ni nyuzi 90.

Kamba ya nailoni huvutika, tumia tepu. Hiyo 15 ikivutika hadi 15.2, pembe inafunguka hadi 91.6, na mwisho wa mita 96 kigingi kiko nje kwa mita 2.7 hivi. Kabla ya kuchimba mashimo, pima kona kwa kona za mraba wa kwanza: zote mbili zinatakiwa kusoma mita 16.97.